Maneno ya Mchumba Wangu Niliyafanyia Somo, Sasa Kwao Wamenuna

Bi Mardhiya, assalaam aleikum. Ukurasa wako nausoma kila wiki, ingawa wengi wanaokuandikia naona matatizo yao wamejitakia wenyewe, na ndiyo maana nilisita kukuandikia, kwa sababu la kwangu si tatizo la tabia bali ni la utaalamu, na ninachohitaji kwako ni maneno mazuri tu ya kuwafahamisha wazee ambao hawakubahatika kupata mafunzo. Jina langu naomba usilitaje. Inatosha kusema kwamba mimi ni mzaliwa wa Ole, mwalimu wa Kiswahili, Kidato cha Tatu, katika skuli moja ya Wingwi, na kwamba pale skuli mwenye projekta ni mimi peke yangu.

Mwaka jana nilichaguliwa kwenda Chake Chake kwenye mafunzo ya walimu, na huko nikafundishwa kitu kinachoitwa wingu la maneno. Nikueleze kwa lugha nyepesi. Unachukua habari yoyote ndefu, unaitia kwenye kompyuta, kompyuta inahesabu kila neno limetajwa mara ngapi, kisha inayamwaga maneno yote pamoja ukutani, lililotajwa sana linakuwa kubwa, lililotajwa kidogo linakuwa dogo, na wewe kwa kutupa jicho tu unajua habari inahusu nini kabla hujasoma hata mstari mmoja. Bi Mardhiya, mimi nimesomesha ufupisho miaka yote kwa chaki na jasho, wanafunzi wananiandikia ufupisho mrefu kuliko habari yenyewe, halafu ndio naletewa kitu kama hiki, basi niliporudi Wingwi nilijiona nimerudi na dawa.

Siku ya kwanza kidogo niaibike, kwa sababu ile programu imezoea Kiingereza, inajua kutupa vijineno vyao lakini vyetu haivijui, ukuta mzima ukajaa NA na YA na KWA, wanafunzi wakaniuliza kama habari ilikuwa inahusu NA. Nikajifunza kuvichambua mwenyewe kwa mkono, kama mtu anavyochambua mchele, na kutoka hapo mambo yakanyooka. Niliwaandikisha insha za msimu wa karafuu, nikazitia zote pamoja, likatoka KARAFUU kubwa kama mlango, na JAMVI, na JUA, na KUCHAMBUA, wanafunzi wakafurahi kuona kazi zao zimepanda ukutani. Mmoja tu, Asya, akanyoosha mkono akasema, “Mwalimu, mie niliandika kaka yangu kaanguka mkarafuuni, kavunjika mguu. Silioni.” Nikamwonyesha KAANGUKA, lilikuwa pembeni, dogo kama sisimizi. Akasema, “Lakini hilo ndilo nililoliandikia insha.” Nikamfahamisha kwamba alilitaja mara moja tu, na kompyuta haina upendeleo. Akanyamaza, nikajua ameelewa.

Sasa niingie kwenye lililonileta. Nina mchumba Tumbe, nimwite Ruweida. Posa imepokelewa, mahari imeshazungumzwa, na nikah tulikubaliana iwe Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishatoka. Baba yake, Mzee Hamdan, ni mfanyabiashara wa samaki pale dikoni, vyombo vinaposhusha, mtu wa maneno machache, na mama yake ni marehemu, kwa hiyo nyumba wameishika Ruweida na bibi yao mzaa baba, Bi Ghaliya, ambaye kusema kweli ndiye aliyenipigania siku ya posa, maana Mzee Hamdan alikuwa anasitasita na yeye bibi akasema mwalimu ni mtu wa kusikiliza watu, atamfaa mtoto. Mdogo wake Ruweida, Yumna, anasoma darasani kwangu. Ruweida mwenyewe ni msichana mwenye heshima zake, sina kasoro ya kumtoa ila moja, anaandika meseji ndefu. Hazina nukta wala mkato. Moja inaingia asubuhi ninapowasha pikipiki, nyingine mchana ninaposahihisha madaftari, nyingine jioni, na mimi kwa shughuli zangu nilikuwa namjibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu, au “inshaallah”, ambayo naona inafaa kwa jambo lolote.

Mwezi uliopita nikawa natayarisha somo la kubashiri. Wanafunzi wanaangalia wingu kwanza, wanabashiri habari inahusu nini, kisha kipindi kinachofuata wanasoma habari yenyewe waone kama wamepatia. Nilihitaji habari ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona, na za vitabuni wameshazikariri zote. Ndipo nikakumbuka simu yangu, nikaona hapa wanafunzi watapata somo na mimi mwenyewe nitajua kwa muhtasari mchumba wangu ananiambia nini wiki zote hizi. Nikaondoa jina lake, nikaondoa jina langu, kama tulivyofundishwa kuhusu siri za watu, nikayatia maneno yote.

Bi Mardhiya, likatoka USIKU. Kubwa, katikati ya ukuta. Chini yake KITANDA, halafu KIFUA, halafu MAFUTA, na kandokando TARATIBU, PEKE, MLANGO, BIBI. Kule nyuma wakaanza kucheka viganjani. Nikawaambia wabashiri. Mmoja akasema ni hadithi ya mapenzi. Mwingine akasema ni kesi. Wa tatu akasema angependa asiseme kwa sababu yeye ana wazazi. Nikawasifu wote kwa kushiriki.

Hapo Yumna akasimama. Akasema, “Mwalimu, hayo ya kwetu. Bibi anaumwa. Dada ndiye anomgeuza usiku, ndiye anompaka mafuta.” Mimi nikamwambia vizuri tu akae, kwa sababu kuijua habari yenyewe ni hatua ya kipindi kinachofuata na alikuwa anawaharibia wenzake ubashiri. Hakukaa. Alichukua mkoba wake akatoka, na mpaka leo hajarudi skuli.

Kwa bahati mwenzangu Jecha, mwalimu wa Hesabu, alikuwa anapita dirishani, akapendezwa na ile teknolojia, akaupiga picha ukuta akaitia kwenye kundi letu la WhatsApp pamoja na maneno “Mwalimu wetu yuko mbele”. Kundi lile lina mtu wa Tumbe, na wanafunzi nao walikuwa wameshatoka na habari kwamba maneno yale ni ya dada yake Yumna. Kufika magharibi picha ilikuwa imeshafika dikoni, na walioiona hawakuona somo, waliona maneno aliyoandikiwa mwanamme na binti wa Mzee Hamdan.

Ruweida akanitumia meseji moja, fupi kuliko zote alizowahi kuniandikia. “Umeyasoma?” Nikamjibu kwa kirefu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, kwamba majina yote yaliondolewa, kwamba neno likishatengwa na sentensi yake halina mwenyewe, na kwamba programu haihifadhi kitu. Hakuandika tena. Siku ya pili yake akaja mshenga wetu, Mzee Zahran, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka chai, akaniletea maneno ya Mzee Hamdan kama alivyoyasema: “Mwambieni, habari zote tulimpa. Kama kazisoma, mbona hakuja? Na kama hakuzisoma, ntu huyo yuamposa nani?” Na nikah, akasema, tusiitaje kwanza.

Swali hilo nimeligeuza huku na huku, na kwa kweli sioni linavyohusiana na mada.

Nampenda Ruweida, Bi Mardhiya, nalisema waziwazi ili usije ukanidhania mtu wa mashine. Tangu aliponyamaza, asubuhi nawasha pikipiki nikiitazama simu, haiingii kitu, natazama tena nikifika skuli, na nimegundua kwamba ule mlio nilikuwa nimeuzoea kuliko nilivyojua. Chakula hakipiti. Siku mbili nimesomesha kwa chaki.

Basi naomba uniandikie namna ya kumfahamisha Mzee Hamdan wingu la maneno ni kitu gani. Nilifikiria niende Tumbe na projekta, nimtilie maneno yake mwenyewe ya biashara aone halina ubaya, lakini Jecha anasema kule nisiende na kitu chenye waya. Na kuna jingine linaloniuma ambalo sijamwambia mtu. Baada ya mambo haya nililirudia lile wingu nikalichungua mpaka vijineno vya mwisho kabisa, na humo hakuna NAKUPENDA, hakuna HABIBI, hakuna hata MAPENZI. Wiki zote zile, maneno yote yale, hata moja dogo halimo. Je, nahangaika bure kwa mtu ambaye hakuwa na mimi tangu mwanzo?

Wako katika elimu,
Mwalimu, Wingwi


BI MARDHIYA ANAJIBU

Mwalimu, waaleikum salaam. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Ulichobakisha ni kunitajia rangi ya pikipiki.

Uliandika namba ya simu chini ya barua, na mimi nikaona jambo lenyewe halifai kungoja gazeti, nikakupigia. Hukupokea. Ukaniletea meseji: “Niko darasani, nitumie kwa muhtasari.” Muhtasari sina. Ninayo haya, na uyasome mpaka chini.

Kwamba unampenda, nakuamini. Mtu asiyependa hatazami simu mara mbili kabla ya chai, na simu iliyonyamaza inauma, pole sana. Lakini umeniandikia barua nzima kuhusu ukuta, na watu wa Tumbe hawakununa kwa ajili ya ukuta peke yake. Ukuta umewafedhehi, ndiyo. Umemfanya binti aliyekuwa anauguza aonekane mhuni mbele ya soko zima la samaki, na fedheha ile utaibeba wewe, si kompyuta. Ila lililowakata maini ni jingine. Ndani ya nyumba ile mna mgonjwa, na mkwe mtarajiwa alipelekewa habari asubuhi, mchana na jioni, na hakutia mguu. Kwetu mtu hutoka Ole kwa miguu kwenda kumtazama mgonjwa wa jirani ya shemeji yake. Wewe una pikipiki, na kutoka Wingwi hadi Tumbe ni kiasi cha kukohoa.

Mzee Hamdan, mtu wa maneno machache, amekuuliza swali lililonyooka kuliko yote uliyowahi kuwauliza wanafunzi wako, nawe umeona halihusiani na mada. Mwalimu, hilo ndilo mada. Ulikuwa unamposa nani, ikiwa anayosema ulitaka uelezwe na mashine?

Nimeirudia barua yako nikitafuta Bi Ghaliya anaumwa nini, alianza lini, hajambo kidogo au hali imezidi. Hamna. Bibi aliyekupigania posa, aliyesema wewe ni mtu wa kusikiliza watu, habari ya kwamba anaumwa imo mara moja tu, tena kinywani mwa mtoto uliyemwambia akae. Kwa hasira nikasema ngoja nami nijaribu utaalamu huo. Dada anayepanga kurasa hapa ofisini akaitia barua yako kwenye programu, akachambua vijineno, akaniletea. Maneno makubwa ni WINGU na MANENO na WANAFUNZI. BIBI limejificha chini. “Pole” halimo. “Samahani” halimo. Najua utasema nakuhukumu kwa kuhesabu maneno, kosa lile lile nililokukamatia. Hapana, baba. Mimi barua niliisoma kwanza.

Sasa hilo la mapenzi, ambalo naona ndilo limekunyima chakula. Mtoto wa watu hajafungwa nikah, baba yake yuko chumba cha pili, unataka akuandikie nakupenda? Kwa alivyosema mdogo wake, alikuwa anakuandikia usiku anavyomgeuza bibi, anavyompaka mafuta, na neno PEKE ulilolipita kandokando ya ukuta nina hakika lilikuwa na mwenziwe YANGU, ambalo wewe ulilitupa pamoja na vijineno. Hayo, mwalimu, mwanamke wa Tumbe hamwambii mtu wa nje. Mtu wa nje akiuliza huambiwa “hajambo, anaendelea”. Ya usiku na ya kitandani kwa mgonjwa huambiwa mtu wa nyumba. Ruweida alikuwa ameshakufanya mtu wa nyumba, na wewe ukampa kidole gumba.

Na usiende ukaitupa projekta baharini, maana wanaume mkikaripiwa mnapenda kutupa vitu. Wingu lenyewe sina ugomvi nalo. Ni kitu kizuri cha kuwafungulia watoto mazungumzo, waulize kwa nini hili limekuwa kubwa na lile dogo, kisha wafungue habari wakatafute jibu. Lakini Asya alikuuliza hivyo hivyo, bila mafunzo ya Chake Chake, ukamjibu kwamba kompyuta haina upendeleo. Akanyamaza ukadhani ameelewa. Kaka yake kaanguka mara moja. Ulitaka aanguke mara ngapi ndiyo neno likue?

Sikiliza utakavyofanya. Jecha mwambie aifute ile picha na awaombe wenzake, mmoja mmoja, waifute. Kisha kaa mahali, fungua simu, rudi kwenye meseji ya kwanza ambayo hukuisoma, uisome, na inayofuata, mpaka ile fupi ya mwisho. Kwa macho. Usijibu hata moja. Ukifika pale utakapotaka kuruka kwa sababu ni ndefu, hapo rudia mara mbili. Ukimaliza mwambie mama yako mnakwenda Tumbe, na usingoje siku ya mapumziko, mgonjwa hana ratiba ya skuli. Mchukue maziwa na machungwa. Mama atangulie kuingia kwa Bi Ghaliya, na wewe ukiruhusiwa ingia, kaa chini, muulize anaonaje, na akianza kukueleza mwache amalize, hata kama anarudia yale yale, hata kama umeshayasoma.

Ukitoka hapo nenda kwa Mzee Hamdan ukamwombe radhi, na katika maneno yako neno kompyuta lisiwemo. Usimfahamishe kitu. Yeye ameshafahamu zamani, ndiyo maana amenuna. Akikwambia subiri, subiri. Akikwambia posa anairudisha, ipokee kwa adabu, na Bi Ghaliya uendelee kwenda kumtazama, maana hilo halikuwa sehemu ya mahari.

Halafu rudi darasani. Kosa ulilifanya mbele ya wanafunzi, basi na radhi iombe mbele yao. Yumna mfuate kwao kwanza, pamoja na mama yako, umwombe arudi skuli, na siku atakayorudi simama mbele ya wote useme uliyoyafanya, kisha umgeukie Asya naye umwambie kwamba swali lake lilikuwa sahihi. Hicho ndicho kipindi kinachofuata ulichowaahidi. Habari yenyewe usiwasomee, si yao.

Kuhusu Ruweida sikuahidi kitu. Ameaibishwa na mtu aliyemfungulia mlango, na ana haki ya kuufunga. Ila alikuuliza swali la neno moja, ukamjibu kwa ukurasa, na watu wa aina yake huwa hawaulizi kitu mara moja wakaacha. Huenda siku hiyo ukiwa unatoka kwa bibi ukamkuta kasimama ukumbini, kashika kichupa cha mafuta, akakuuliza tena kama umeyasoma. Usimweleze. Mjibu kwa neno moja, na ole wako siku hiyo lisiwe la kweli.

Bi Mardhiya